Bwana Harusi Aliyeita Bila Ubao

"Jumamosi ikipita, hizo karata zako zinaingia kwenye tanuri la mama," alisema Leobardo, huku akipangusa kiti kwa leso kabla ya kukikalia. "Sitaki kusikia tena habari za jogoo na tikiti. Mke wangu hawezi kupayuka hemani kama muuza samaki."

Casilda alikuwa jukwaani, anachanganya karata hamsini na nne za mchezo wa loteria alizopewa na mama yake wa ubatizo. Zilikuwa zimeshikwa na mikono mingi mpaka pembe zake zikalainika. Mbele yake hema la sikukuu ya Mtakatifu Rita lilikuwa linajaa watu waliotoka misa ya Jumapili, wengine na vikombe vya mahindi yenye limau na pilipili, kila mmoja anatafuta ubao wa kuchezea na kiganja cha maharage.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia. Na meza ya nyuma wamekusikia. Halafu mimi ndiye ninayepayuka."

Leobardo alikuwa na duka la vigae na vyoo pale Pozos Altos, na tangu alipoanza kuuza vyoo vya rangi ya waridi alijiona mtu wa daraja lingine kabisa. Alikuja hemani na suti, na viatu vinavyong'aa, na mama yake. Huyo mama, Bi Eulalia, alikaa kitini kama mtu aliyekalishwa juu ya mayai.

"Mwanangu anasema kweli, binti," alisema. "Loteria ni mchezo wa wapagazi. Sisi kwetu tulipiga piano."

Casilda alikuwa mwalimu wa historia, na kuna mambo yalikuwa yanamwasha ulimi.

"Mama mkwe, mchezo huu ulitoka Italia, ukapita Hispania, ukaja huku na mabwana wenye wigi. Walioucheza kwanza hapa Mexico ni hao wakubwa, sebuleni kwao. Sisi wengine tuliletewa baadaye, na askari waliouchezea kambini na wachuuzi waliozunguka nao kwenye maonyesho."

"Basi mkauchafua," alisema Bi Eulalia, akajipepea.

Ukweli ni kwamba Casilda alikuwa ameshakubali. Alimpenda Leobardo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi kuliko maneno ya mama yake. Baba yake Casilda alipofariki, Leobardo alibeba jeneza na akalia bila kujificha, na tangu siku ile Casilda alimsamehe vyoo, marashi na mengineyo. Alipoambiwa achague kati ya karata na pete, alilia, akachagua pete. Leo ilikuwa mara yake ya mwisho kuita. Mama Refugio, mama yake wa ubatizo aliyemfundisha kuita tangu akiwa msichana mdogo, alikuwa hamsemeshi tangu alipopata habari hiyo.

Simu ilitetemeka mfukoni. Ujumbe ulitoka kwa Leobardo, aliyekaa pale pale mbele yake.

"Mpenzi usizidishe. Cheza raundi moja, gawa zawadi, shuka. Mama anaona aibu."

Casilda alisoma, akairudisha simu mfukoni.

"Shoga!" Nidia, msusi wa mtaani, aliingia akinukia dawa ya nywele. Ndiye aliyepangiwa kumpamba bibi harusi. "Jumamosi nitakupamba mpaka bwana apotee njia."

"Asipotee tu mbali," alisema Casilda.

Nidia alicheka kidogo kuliko kawaida yake. Alikwenda kukaa meza ya mwisho kabisa, nyuma ya nguzo, akatoa ubao wake mwenyewe aliouvika nailoni. Wachezaji wazoefu hawapokei ubao wa kugawiwa. Kila mtu ana wake anaouamini, haubadilishi, na wengine hulala nao chini ya mto.

"Bwana mkubwa, nikupe ubao?" Mama Refugio alimuuliza Leobardo, akipita na kapu.

"Sijawahi kucheza upuuzi huo. Hata sijui unachezwaje."

"Usijali, hauhitaji akili nyingi. Utauweza."

Akapita zake. Alipofika jukwaani akachukua kipaza sauti bila kumtazama Casilda.

"Haya, sikilizeni, msije mkanililia baadaye. Ubao una picha kumi na sita. Picha ikiitwa, na wewe unayo, weka harage. Leo hatuchezi mstari wala pembe nne, leo ni ubao mzima, kwa sababu zawadi ni lile jiko la gesi pale. Ukijaa, piga kelele 'Loteria' kabla karata nyingine haijafunuliwa. Ikifunuliwa umelala, imekula kwako. Na anayeita bila kuwa na ubao uliojaa mbele yake anatoka mezani, hata akiwa padri."

Padri, aliyekuwa meza ya pili na maharage yake tayari, alitikisa kichwa kukubali sheria.

Casilda akashika karata. Mwitaji hataji tu jina la picha, anaipamba kwanza kwa maneno, na Casilda siku hiyo hakuwa na haraka ya kumaliza.

"Kavaa kofia, kashika mkongojo, kajipulizia marashi mpaka nzi wamehama mtaa. Mtanashati."

Watu wakacheka wakimtazama Leobardo. Maharage yakawekwa.

"Anawika kwa jirani, kwake anapiga miayo. Jogoo."

"Huyo namjua," sauti ya mwanamke ilitoka pembeni. "Nimezaa naye watano."

"Miiba mwili mzima, na anakukumbatia usipomwomba. Mpungate."

"Tumbo kubwa, mimba hana. Tikiti."

Hema lilikuwa limechangamka. Casilda aliona jinsi alivyokuwa anaupenda mchezo huu, na jinsi alivyokuwa mjinga kukubali kuuacha. Alimtupia jicho Leobardo, akitumaini kwamba hata yeye amecheka mara moja. Hakucheka. Lakini midomo yake ilikuwa inachezacheza, na baadhi ya picha zilipoitwa alikunja kidole. Casilda akadhani anasali mchezo uishe.

Karata zikaendelea, ngazi, sufuria, mwezi, moyo uliochomwa mshale. Leobardo alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti. Jasho lilimtoka, yeye ambaye hata kanisani hutembea na feni ya mkononi.

"Una nini wewe?" Bi Eulalia alimnong'oneza. "Choo?"

"Niache, mama."

Casilda akafunua nyingine, akainua juu.

"Inaita watu waje kusali, yenyewe haijapiga goti hata siku moja. Kengele."

Watu wakainamia mbao zao. Vidole vya Casilda vikagusa karata inayofuata.

"Loteria!"

Aliyeita alikuwa Leobardo. Alikuwa amesimama wima, amewapa mgongo wote wa jukwaani, anapunga leso kuelekea nguzo ya nyuma.

"Kengele, Nidia! Umejaa! Piga kelele, umelala?"

Hema zima likamgeukia. Hata watoto waliacha kutafuna. Leobardo alibaki na mkono juu, kama mtu aliyesimamisha gari na gari likampita.

Casilda aliacha kugusa karata.

"Umeita, Leobardo," alisema kwenye kipaza sauti. "Ubao wako uko wapi?"

"Sina... mimi nilikuwa namsaidia tu. Nimeona amejaa."

"Umeona?"

"Nimeona ubao wake."

"Ukiwa hapo?" Mama Refugio alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea nyuma. "Baba, hapo ulipokaa unaona nguzo. Na ukikaza macho sana, unaona kisogo cha padri."

"Labda aliuona zamani," alisema Bi Eulalia, akidhani anamwokoa mwanawe. "Kuna ubaya gani kuuona ubao?"

"Hakuna, Bi Eulalia," alijibu Mama Refugio. "Ila kuujua kwa moyo, picha zote kumi na sita, mtu ambaye hata hajui mchezo unachezwaje? Hiyo ni lazima uwe umekaa nao sana, na umekaa na mwenyewe."

Alifika meza ya nyuma. Nidia alikuwa amejiinamia, simu mkononi, uso umemshuka.

"Anza kusoma, Mama," alisema Casilda. "Sheria ni ubao ukaguliwe."

Mama Refugio akausoma kwa sauti, picha moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa na harage isipokuwa kengele.

"Ni kweli, amejaa. Mwenyewe hakuona, alikuwa anaandika." Akaichukua simu mkononi mwa Nidia kama anavyowapokonya wajukuu zake. "Na alikuwa anamwandikia nani? Kamwandika 'Leobardo bwana wangu.' Haya, tusome. 'Nimebakiza kengele tu. Nikishinda jiko hili basi lile uliloniahidi tangu Pasaka sikusumbui tena. Jumanne uje mapema, na huyo mwalimu wako...' Hapa hajamaliza."

"Jumanne," alirudia Casilda. "Jumanne si ni mkutano wa chama cha wafanyabiashara, Leobardo?"

"Casilda, shuka tuongee nje. Unanidhalilisha."

"Mimi? Mimi nimetaja kengele tu."

Kuna aliyekohoa kuficha kicheko. Leobardo alilegeza tai, akajaribu sauti ile anayotumia kwa wateja.

"Sikiliza, mpenzi. Yule alikuwa ananinyoa. Mtu akikaa anasubiri zamu, anachezachezea mbao. Ni hivyo tu."

"Ulinyolewa ukakariri ubao," alisema Casilda. "Na kengele ilipotoka ukasahau harusi yako, ukamsahau mama yako, ukanisahau mimi niliyekuwa mbele yako. Ungekaa kimya, Jumamosi ningesimama kanisani nikakuapia. Unajua kilichokuinua kwenye kiti? Si mapenzi, maana hata kumpenda yeye huwezi. Ni uchoyo. Uliona jiko linakuponyoka, utalazimika kulinunua."

Leobardo alijipangusa jasho kwa leso.

"Mwanamume ana duka zima," iliendelea ile sauti ya pembeni, ya yule mama wa watoto watano, "anategemea maharage yamnunulie hawara jiko."

Sasa hema lilicheka kweli kweli. Bi Eulalia alisimama, akakung'uta sketi yake.

"Tunaondoka. Watu wa aina hii."

"Kaa, mama mkwe, bado," alisema Casilda. "Mchezo haujafungwa."

Alishuka jukwaani na karata mkononi. Watu walimpisha. Alipita karibu na Leobardo bila kumgusa, na alishangaa kuona jinsi alivyo mfupi akiwa chini pale, na jinsi yale marashi yalivyokuwa yakimchefua siku zote, akijidanganya kwamba ni mafua. Alifika mbele ya Nidia, akavua pete, akaiweka juu ya picha ya kengele.

"Haya. Ubao umejaa. Sijafunua karata nyingine, kwa hiyo bado ni halali. Ita mwenyewe, maana aliyekuitia hana ubao."

Nidia alikuwa analia, wanja unamtiririka mashavuni.

"Aliniambia mlishaachana moyoni," alisema. "Aliniambia harusi anafanya kwa ajili ya mama yake."

"Na jiko?"

"Aliniambia lipo njiani linatoka Guadalajara."

"Tangu Pasaka?"

"Tangu Pasaka."

Wanawake hawa wawili walitazamana, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Casilda alimwonea huruma mtu. Nidia alipangusa pua kwa mkono. Kisha akaiinua pete kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa unywele kwenye mchuzi, akaiweka pembeni mwa meza. Akachukua harage. Akaliweka juu ya kengele.

"Loteria," alisema kwa sauti ndogo.

"Halali," alisema Mama Refugio.

"Jiko nalichukua," aliongeza Nidia. "Pete mpeni mama yake."

Leobardo aliifuata mwenyewe, meza kwa meza, na hakuna aliyevuta kiti kumpisha. Padri pekee alimsemesha.

"Sheria uliisikia, mwanangu. Anayeita bila ubao anatoka mezani."

"Padri, hata wewe?"

"Mimi nilibakiza picha moja," alisema padri. "Usiniongezee machungu."

Casilda alikuwa amerudi jukwaani, anachanganya karata upya, simu ilipotetemeka tena. Leobardo alikuwa nje, amesimama karibu na gari, na mama yake ameshafunga mlango.

"Casilda nisamehe. Ule ulikuwa mchezo tu. Wageni wameshaalikwa, usituaibishe."

Aliusoma mara mbili. Alitarajia kulia, na kweli machozi yalimjia, lakini yalikuwa ya yule baba yake na lile jeneza, si ya huyu wa garini. Akaandika: "Ni kweli, wageni wameshaalikwa." Akatuma, akaizima simu.

Mama Refugio alikuwa ubavuni mwake, anamtengeneza kola ambayo haikuwa imekunjika.

"Nilidhani hunisemeshi," alisema Casilda.

"Sikusemeshi bado. Nakutengeneza nguo."

Casilda akavuta kipaza sauti.

"Jamani, kabla hatujaanza raundi nyingine, nina tangazo. Jumamosi ukumbi wa mjomba wangu upo kama ulivyopangwa. Nyama itachomwa, bendi itakuja, keki ya bibi harusi nitaikata mwenyewe. Mlioalikwa njooni, na msioalikwa pia." Akainua karata ya kwanza, uso wa picha bado umeelekea kwake. "Leteni mbao zenu. Maharage yapo."