Msumari Ulionyamazishwa

Kila Jumamosi, mama akishamaliza kuanika mashuka ya nyumba ya wageni, Sikio alikuwa na ruhusa ya kwenda jalalani na baba yake mdogo. Ruhusa yenyewe ilikuwa na masharti.

"Glovu mkononi, viatu miguuni," mama alimwambia huku akijifuta povu kwenye gauni. "Na ukirudi na mkwaruzo hata mmoja, ndiyo imetoka hiyo. Hutakanyaga kule tena."

Sikio alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na baba mdogo mwenyewe, fundi redio, kwa sababu masikio yake yaliweza kutofautisha mlio wa kizibo cha soda na mlio wa sarafu. Milio hiyo ilitoka kwenye mashine ambayo baba mdogo aliiunda kwa vipuri vya redio mbovu: fimbo ndefu, chini ina sahani ya duara, juu ina kisanduku cha betri. Ukiipitisha juu ya ardhi, ikikuta chuma, shaba au fedha iliyofukiwa, inalia.

Zamani pale jalalani palikuwa soko. Watu wazima wa mtaa hawajasahau. Wachuuzi waliambiwa wapishe kwa miezi sita tu, watajengewa soko jipya, na wakati huo mama yake Sikio alikuwa hajaolewa. Soko halikujengwa. Yakaja malori ya taka. Watu walipolalamika, manispaa ikaleta kibao kilichoandikwa HAIRUHUSIWI KUINGIA. Taka hazikujua kusoma, zikaendelea kuingia.

Chini ya taka hizo zililala sarafu za kale zenye tundu katikati, zilizoponyoka mikononi mwa wanunuzi wa enzi za mkoloni. Baba mdogo alizikusanya kwenye kopo la maziwa. "Sasa wanasema hapa hapajawahi kuwa na soko," alipenda kusema. "Basi watuambie hizi zilinyesha na mvua."

Kwenye kisanduku cha mashine kulikuwa na kitufe cha kuzungusha. Ukikizungusha hadi mwisho, mashine haililii chuma tena. Inakaa kimya mpaka ikutane na shaba au fedha. Baba mdogo alikiita kitufe hicho Bwana Mkubwa.

"Huyu misumari hasikii, mabati hasikii," alimwonya Sikio. "Anasikia fedha tu. Ukimwamini huyu umekwisha. Sisi tunachimba kila kinacholia, na tunachimba kwa kijembe, siyo kwa vidole."

Jumamosi hiyo mteja mmoja alimwita baba mdogo barabarani, redio ikiwa kwapani. Sikio akabaki peke yake. Jua lilikuwa kali, na kwa saa nzima alikuwa amechimbua vizibo, mpini wa kijiko, kufuli lisilo na ufunguo na misumari isiyo na idadi. Alitazama barabarani. Baba mdogo alikuwa amempa mgongo. Akazungusha kitufe hadi mwisho.

Mashine ikatulia, kelele zote zikaisha. Hatua tano mbele ikatoa mlio mmoja, safi, wa juu. Sikio akapiga magoti. Glovu ilivifanya vidole vyake viwe vizito, akaivua. Kwani kuna nini kingine hapo, na mashine imelia mara moja tu? Akaingiza mkono kwenye majivu na karatasi zilizooza.

Msumari wenye kutu ukamwingia kwenye shina la kidole gumba.

Alipouchomoa mkono, sarafu ilikuwa imenata kwenye kiganja pamoja na udongo. Alifuta damu kwa upande wa ndani wa sketi, akavaa glovu, akarudisha kitufe mahali pake.

"Umepata?" baba mdogo aliuliza aliporudi.

"Nimepata."

"Mnaona? Hili ndilo sikio langu," alisema, ingawa hapakuwa na mtu mwingine wa kuambiwa. Sikio akacheka naye, mkono ukimpwita ndani ya glovu.

Nyumbani alikula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto. Mama akamuuliza tangu lini amekuwa mgeni rasmi. Jumatatu darasani, jirani yake wa dawati, ambaye wote walimwita Kasuku kwa kutofunga mdomo, alileta habari bila kuulizwa.

"Kuna fundi ujenzi mtaani kwetu alichomwa na msumari akapuuza. Pepopunda hiyo. Taya zilifunga, hata kijiko cha uji hakipiti."

"Baada ya siku ngapi?" Sikio aliuliza.

"Mimi nijuaje? Nilikuwa namhesabia?"

Kuanzia hapo Sikio hakupumzika. Kila baada ya dakika chache alifungua mdomo wazi kuona kama bado unafunguka. "Binti, hapa umekuja kusoma au umekuja kulala?" mwalimu alimuuliza, darasa likaangua kicheko. Akiufunga mdomo, aliogopa hautafunguka tena. Akiufungua kusema, kuna maneno ya mama yanamngoja. Atapoteza mashine, na baba mdogo atalaumiwa kwa kosa ambalo hakulifanya. Alijiona kama mtu aliyeingia kwenye chumba chembamba mlango ukajifunga nyuma yake, na kila siku kuta zinasogea. Hata usingizini aliuficha mkono chini ya tumbo.

Jumatano alasiri mama alimwita kukamua mashuka. Shuka zito hukamuliwa na watu wawili: mmoja anashika ncha hii, mwingine ile, kila mmoja anasokota upande wake. Mama aliposokota, vidole vya Sikio viliachia. Shuka likaanguka kwenye tope.

"Kazi za watu hizi, unachezea?"

"Limeteleza, mama."

Mama alilisuuza upya. "Haya, shika."

Likaanguka tena.

Mama aliinama kuliokota mara ya pili, na Sikio akaona mgongo wake ulivyochoka. Alikuwa na uongo mwingine tayari mdomoni. Akauacha.

"Mama, siwezi kushika. Nilichomwa na msumari Jumamosi, nikaficha."

Alifungua kiganja. Kilikuwa kimevimba, ngozi imevutika na kung'aa. Mama aliyaacha mashuka ndani ya beseni, akampigia simu baba mdogo, akamshika mwanawe mkono mzima, wakaenda zahanati na gauni lake likiwa limelowa vile vile.

Muuguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Aliutazama mkono, akachukua kalamu. "Kisu cha vitunguu?"

Sikio akashangaa.

"Wewe ni wa tisa mwezi huu kutoka mtaa wenu. Wanane wote walijikata na kisu cha vitunguu. Sijui mnapanda vitunguu gani huko."

"Ni msumari," Sikio alisema. "Jalalani."

Muuguzi akaishusha kalamu. "Afadhali. Sasa najua ninachotibu."

Alikifungua kidonda, akakisafisha mpaka machozi yakamtoka Sikio, akamchoma sindano ya kuzuia pepopunda, akampa vidonge. "Siku nyingine, sabuni na maji mengi papo hapo, kisha uje hapa siku hiyo hiyo. Umebahatika. Usiifanye bahati kuwa dawa."

Baba mdogo aliingia akihema. Sikio akamweleza yote, na habari za kitufe pia. Fundi alikaa kwenye benchi, akavua kofia.

"Ule msumari ulikuwepo muda wote, mwanangu. Uliuzuia kulia, hukuuondoa. Na mkono wako umelia siku nne, nao ukauzuia."

"Na mimi nilisaidia kuuzuia," mama alisema polepole. "Nilimwambia mkwaruzo mmoja ndiyo basi. Nilidhani namlinda, kumbe namfundisha kuficha. Sasa sharti ni moja: ukiumia, mimi niwe wa kwanza kujua."

Muuguzi aligeuza daftari lake wote waone. "Mtu akiniambia kisu, naandika kisu. Manispaa wakija kulisoma, wanakuta jalala halijamchoma mtu hata mmoja. Wanaondoka wakitabasamu. Mnaficha kwa aibu, na aliyemwaga taka ndiye anayefichwa. Mtoto mkweli hajiokoi yeye tu, anawaokoa na wenzake." Akaandika kwa herufi kubwa: MSUMARI, JALALANI.

Ijumaa, mwalimu alimruhusu Sikio asimame mbele ya wanafunzi wote akiwa na bendeji. Alisimulia kila kitu. Alipomaliza, mvulana wa darasa la nne aliketi chini, akavua kiatu, akaonyesha kidonda kisiginoni. Msichana wa nyuma yake akakunja mkono wa shati. Kasuku, ambaye siku hiyo hakuwa amesema neno, alipandisha suruali hadi gotini.

Mwalimu aliwapanga mstari kuelekea zahanati. Walikuwa kumi na mmoja, na Sikio akatangulia mbele.