Magari ya Darasa la Sita

Kila Jumamosi asubuhi Kidomo alifuatana na mama yake kazini, kwenye duka la magari. Alipewa kitambaa laini, akafuta vioo huku ametega sikio. Duka liliuza magari ya kampuni moja tu. Upande wa kulia yalipangwa marefu, yale ya fowili, ambayo magurudumu yote manne huvuta kwa pamoja. Upande wa kushoto yalikaa ya spoti, mafupi, matumbo karibu na sakafu. Wateja walipotaka kujua lipi bora, mama hakujibu. Aliwauliza kwanza, "Wewe unapita barabara gani?" Kidomo alilisikia swali hilo mpaka likamchosha. Yeye alipenda kasi na rangi.

Jina la Kidomo alilipata shuleni, na alilistahili. Jumatatu moja alikwenda na brosha ya magari, akaanza kuwapanga wenzake. Kiranja, mwenye mabega mapana, akapewa fowili kubwa kuliko zote. "Huyu tope haliogopi." Msichana bingwa wa mbio akapata gari jekundu la spoti. "Huyu ukipepesa macho, kashafika." Darasa la sita zima likamzunguka, kila mtu akidai ukurasa wake.

"Na mimi?" aliuliza binti wa mshonaji kutoka dawati la nyuma. Binti huyu alikuwa na pumu. Aliuliza kwa hamu kabisa, maskini, kama mwingine yeyote.

Kidomo akafunua ukurasa mmoja mmoja, taratibu, mpaka akafika jalada la nyuma lenye namba za simu tu. "Wewe humu haumo," alisema. "Wewe mkweche."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kuanzia siku hiyo binti akikohoa, kuna aliyeiga gari linalokataa kuwaka, na mwingine akasema, "Sukumeni jamani." Akitoa dawa yake ya kuvuta mdomoni, ikalia fss, waliambiana kwamba anajazwa upepo. Watoto wanaweza kuwa wakatili kuliko tunavyopenda kukiri, na hawa walikuwa wakatili kwa raha zao. Mama yake alikuwa amemshonea kimfuko cha kuwekea dawa ile. Binti akakiacha nyumbani, chini ya godoro, na kikohozi akawa anakimeza.

Ijumaa moja walikuwa wakifagia darasa. Vumbi likatimka, binti akashika dawati, kifua kikaanza kupiga filimbi. Wenzake wakaiga gari kama kawaida yao. Midomo yake ikabadilika rangi.

"Leo betri imekufa kabisa," alisema Kidomo.

Walikuwa bado wanacheka binti alipoteleza akalala sakafuni, na hapo ndipo kicheko kilipokatika. Mwalimu alikuja mbio. "Dawa yake iko wapi?" aliuliza. Alipekua mkoba wa binti, hakuiona. Mwalimu akambeba mikononi hadi zahanati iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, wangempoteza.

Habari zilimfikia mama yake Kidomo, na kesho yake hakwenda dukani. Alimshika Kidomo mkono wakaenda kumwona mgonjwa. Mshonaji alikuwa ameketi kando ya kitanda, pini bado zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni lake.

"Shikamoo mama," alisema Kidomo.

Mshonaji hakuitikia. "Ni wewe unayepanga watoto wa watu kama magari?"

Binti yake akageukia ukutani.

Walipotoka nje, mama alisimama. "Umenisikia miaka yote na wateja. Nimewahi kumwambia mtu gari hili ni bora kuliko lile?"

"Hapana. Unamuuliza anapita barabara gani."

"Na huyu ulimuuliza?"

Kidomo akaanza kulia. Mama hakumfuta machozi. "Mtoto yule anapanda kilima kila akivuta pumzi," alisema. "Hao wa spoti wako wanapita lami tupu."

Binti alirudi shuleni na kimfuko kimening'inia shingoni, juu ya shati, kila mtu akione. Hakuna aliyemcheka. Walikuwa wamepata mwingine. Kidomo akiingia, waliiga breki zinazofungwa ghafla; akikaa, waliokuwa karibu naye walihama. Ni walewale waliokuwa wakishika mbavu. Binti wa mshonaji alitazama tu. Angeweza kuwazuia siku ya kwanza, lakini hakuwa na haraka.

Siku ya kufagia ikafika. Alitoa dawa yake, akavuta mbele ya wote. Kisha kiranja akaanza kumwigia Kidomo breki.

"Acheni," alisema binti. Wakaacha.

"Asante," Kidomo alinong'ona.

"Usinishukuru. Sijakusamehe. Nimechoka tu kusikia magari darasani."

Jioni Kidomo alimsimulia mama yake, akauliza afanye nini ili asamehewe.

"Huwezi kumlazimisha," mama alijibu. "Akikusamehe, heri. Asipokusamehe, ana haki. Lako wewe ni moja: kabla hujampa mtu jina, muulize njia anayopita. Ukishindwa kumuuliza, funga mdomo."

Ijumaa iliyofuata Kidomo aliingia darasani kabla ya wenzake, akanyunyiza maji sakafuni ili vumbi lisitimke wakati wa kufagia. Binti wa mshonaji aliona jinsi sakafu ilivyolowa, akamtazama Kidomo na ndoo yake, akapita kwenda kuchukua ufagio.