Kichwa cha Bastien

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi kwenye mtaro wa majitaka, na haikuwa na kichwa.

Ndivyo redio ya polisi ilivyosema, na Inspekta Maryvonne Cadiou hakungoja kusikia zaidi. Alikanyaga mafuta, akavuka daraja la mto Seine kwa king'ora. Si marehemu aliyemkimbiza hivyo. Alitaka Inspekta Roussel asifike kabla yake. Wiki hiyo Roussel alikuwa amepewa kesi ya tajiri wa benki aliyeuawa bafuni, na sura yake ilijaa kwenye magazeti yote ya Paris. Cadiou aliyasoma yote, na kila moja lilimchoma moyo.

Aliteremka ngazi za makumbusho ya majitaka, yaliyo ndani ya mitaro chini ya jiji, harufu ikampokea mlangoni. Akachuchumaa kando ya mtaro, akagusa mguu wa marehemu. Ulikuwa wa plastiki.

"Hii ni sanamu," alisema.

"Ndiyo, ni sanamu," alijibu Bwana Vasseur, mkuu wa makumbusho. "Niliwaeleza kwenye simu. Nadhani walisikia neno 'kichwa' tu."

Simu ya Cadiou ikalia. Alikuwa Roussel.

"Pole na msiba, dada. Mazishi lini? Tuje na maua ya plastiki?"

Cadiou alikata simu. Uso ulimwaka moto. Wangemcheka kituo kizima, na Roussel angecheka kuliko wote. Basi kesi hii angeitatua, hata kama marehemu alitoka kiwandani.

"Nani ataiba kichwa cha sanamu?" aliuliza.

"Si cha sanamu tu, Inspekta. Ni sura ya Bastien Morvan, fundi wetu wa mitaro. Tulichukua umbo la uso wake akiwa hai. Baadaye mvua kubwa ikamkuta humu chini, maji yakamsomba hadi mtoni. Hakupatikana." Vasseur aliteremsha sauti. "Mjane wake huja kila Alhamisi kuongea naye. Hana kaburi la kwenda. Kesho ndiyo Alhamisi. Nitamwambia nini?"

Cadiou aliitazama tena sanamu. Maji yalikuwa mengi na yenye nguvu, lakini haikuwa imekwenda popote. Kamba ilitoka kwenye mkanda wake ikafungwa kwenye reli ya chuma, kwa fundo nene la kukunjwa mara mbili.

"Nani kaifunga hivi?"

"Hatukugusa kitu. Tuliikuta hivyo asubuhi."

"Ina maana mwizi alikata kichwa, kisha akahakikisha kiwiliwili hakisombwi na maji."

"Mwizi wa ajabu," alisema Vasseur.

Alama za vidole hazikusaidia. Wafanyakazi wote huvaa glavu. Cadiou akaamua kufanya kama mgeni yeyote, akajiunga na kundi la watalii nyuma ya kiongozi wao, mzee aliyeitwa Firmin Lacaze, mfanyakazi mstaafu mwenye mabega mapana na utani mwingi.

"Msiogope panya," Firmin aliwaambia. "Wao ndio wanaoogopa bei za huko juu."

Watu walicheka. Akawaonyesha vibao vya mitaa, kila mtaro umeandikwa jina la barabara iliyo juu yake.

"Mama, ukiangusha ufunguo kwenye tundu la barabarani, tupigie simu ututajie mtaa na nambari ya nyumba. Tutakuletea. Pete, meno ya bandia, hata talaka ukiitupa, itakwama kwenye wavu wa chuma nasi tutaiokota. Huku chini hakipotei kitu."

Kisha akamfunga kamba kijana mmoja wa Kijerumani, kuonyesha jinsi mtu wa juu anavyomshika mwenzake aliye chini. Mikono yake ilifanya kazi bila macho kuitazama. Fundo lilikuwa nene, la kukunjwa mara mbili.

Walipofika mahali sanamu iliposimama siku zote, Firmin akapita haraka, akaanza habari za mabomba.

Cadiou alimvuta Vasseur pembeni.

"Wavu umekaguliwa?"

"Tangu asubuhi. Hakuna kichwa."

"Mtu wa kawaida angekitupa majini akaondoka. Huyu alijua kitarudi. Firmin alimfahamu Bastien?"

"Alikuwa mshika kamba wake. Tena ndiye..." Vasseur alisita. "Ndiye aliyemwoa mjane."

Cadiou alihisi wivu wake mwenyewe kwa Roussel ukimkonyeza.

Alimhoji Firmin kwenye chumba cha kubadilishia nguo, katikati ya viatu vya mpira.

"Jana ulitoka na mfuko?"

"Wa mboga."

"Mboga gani?"

"Vitunguu."

"Vilikuwa na pua?"

Mzee akaketi kwenye benchi.

"Wewe una mume, Inspekta?"

"Jibu swali."

"Kila Alhamisi mke wangu anapaka rangi mdomoni. Kwangu hapaki. Nilijificha nyuma ya bomba nikamsikiliza. Anamweleza ninavyokoroma, nilichokula, jinsi ninavyopoteza miwani. Halafu anacheka. Mimi na uhai wangu wote, mke wangu anaenda kunicheka kwa mtu wa plastiki."

"Kwa hiyo?"

"Nilitaka nimtupe mzima. Kichwa kikang'oka, mwili ukaanguka majini. Maji yakaanza kumvuta. Nikashtukia nimeshamfunga kamba."

"Siku ile ya mvua, ulikuwa ukimtaka mkewe?"

Firmin hakujificha.

"Nilimtaka. Nilimwonea Bastien wivu tangu siku ya harusi yao. Lakini kamba ilikatika. Sikuiachia. Andika hivyo, tafadhali."

Cadiou aliandika.

Nyumbani kwa Firmin, mkewe Josiane alikuwa akikoroga supu. Alisikiliza kila kitu bila kuacha mwiko.

"Ulinisikiliza," alimwambia mumewe, "na hukusikia kitu. Bastien alizoea kuniambia nikimwacha hakuna mwanamume atakayenitazama. Ninakwenda kumringia, mpumbavu wewe. Ninapaka rangi aone nilivyonawiri. Namweleza kwamba nina mtu anayekoroma kitandani kwangu kila usiku, asiyelala kwingine. Nataka aumie yeye."

"Hukuniambia," alisema Firmin.

"Ungeniuliza. Kiko wapi?"

Waliteremka ghalani chini ya nyumba, Cadiou akitangulia na tochi. Kichwa kilikuwa juu ya rafu, nyuma ya chupa za divai, kimegeuzwa ukutani. Josiane alikigeuza. Bastien alikuwa akitabasamu vilevile, amevalishwa kofia nyekundu ya sufu hadi masikioni.

"Kuna unyevu humu," Firmin alisema taratibu. "Alikuwa mtu wa mafua."

Josiane aliitazama kofia. Cadiou akadhani sasa atamlilia marehemu. Lakini aliivua kwa hasira, akaikung'uta vumbi, akamgeukia mumewe.

"Nilishinda majira yote ya baridi nikiifuma hii," alisema. "Niliifuma kwa ajili yako. Kwa nini unampa yeye?"

Akamvalisha Firmin kofia kwa mikono miwili, akaivuta hadi masikioni, na hakuiachia.