Ferista Apima Kaharabu

Zzz. Zzz. Zzz. Sauti ilitoka nyuma ya nyumba, nyembamba kama ya nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Lakini hakukuwa na nyuki. Ilikuwa keke ya Bi Mwasiti, ikitoboa shanga.

Bi Mwasiti alikaa mkekani uani kwake, hapo Tunduma. Alitengeneza tasbihi na mikufu ya kaharabu. Kaharabu ni utomvu wa miti ya kale uliokaa ardhini mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Wateja wake walikuwa madereva, wafanyabiashara wa mpakani na wake zao. Pembeni yake alikaa jirani yake, Ferista, akisugua shanga kwa kitambaa.

Ferista alikuwa mshonaji. Lakini ulikuwa mwanzo wa miaka ya themanini, na vitambaa havikupatikana madukani. Cherehani aliyoachiwa na mama yake ilikaa kimya chini ya shuka. Ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo. Sasa alitaka kuanza kazi yake mwenyewe ya shanga, lakini hakuwa na kaharabu ghafi.

Jumamosi moja mchuuzi aitwaye Damiano alifika nyumbani kwake. Alibeba mfuko wa mabonge ya manjano, yenye vumbi na ganda la kahawia.

"Kaharabu tupu, shemeji," alisema. "Sitaki hela. Nipe cherehani, uchukue mfuko mzima."

Yonathani, mume wa Ferista na baba wa binti yao Ruti, alikuwa mtu wa Ihanda. Alilelewa kwenye kahawa. Alileta ndoo ya maji.

"Sisi buni tunaipima majini," alisema. "Nzuri huzama. Mbovu huelea."

Akatumbukiza mabonge. Yote yakazama.

"Mumeo anajua mali," Damiano alisema. Akasugua bonge moja kwenye suruali yake na kulisogeza karibu na vipande vya nyuzi. Nyuzi zikarukia juu, zikanata. "Kaharabu huvuta. Unataka ushahidi gani tena?"

Ferista alifurahi. Alipika ugali na maharage, na mgeni akala akashiba. Wakakubaliana kwamba angekuja kesho yake, baada ya ibada, kuchukua cherehani.

Jioni Ferista alimweleza Bi Mwasiti. Keke ikanyamaza.

"Yamezama yote?"

"Yote, Bi Mwasiti. Kama buni safi."

"Kahawa na kaharabu si ndugu, mwanangu. Kwenye maji matupu kaharabu huzama. Kioo huzama. Plastiki nyingi huzama. Sasa maji hayo yamekwambia nini?"

"Lakini ilivuta nyuzi."

Bi Mwasiti alichomoa kitana cha plastiki kichwani. Akakisugua kwenye kanga yake, akakisogeza kwenye nyuzi. Zikarukia.

"Basi na kitana changu ni kaharabu," alisema. "Nikuuzie?"

Ferista alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Sikiliza," Bi Mwasiti alisema. "Tia chumvi kwenye maji ya moto, ukoroge. Ongeza mpaka chumvi ikatae kuyeyuka, ibaki chini. Acha yapoe. Katika maji hayo kaharabu huelea. Kioo na plastiki nyingi huzama. Ila ikielea, usishangilie upesi. Sandarusi nayo huelea. Ni utomvu pia, lakini haujakomaa. Kwa hiyo dondoshea tone la spiriti, ile ya kuwashia karabai, mbali na moto. Bonyeza kwa kidole. Ikinata ni sandarusi. Ikibaki kavu na ngumu, hiyo nunua."

Nyumbani Yonathani alikunja uso.

"Chumvi yote hiyo? Nimeifuata Ivuna kwa baiskeli, Mama Ruti."

"Maji tutayachemsha, na chumvi itarudi. Cherehani ikivuka mpaka hairudi."

"Na mtu amekula kwetu. Tukimpima tutaonekanaje?"

"Tutaonekana tuna macho."

Kesho yake Damiano alikuta beseni mlangoni. Majirani walikuwa wamesimama. Bi Mwasiti alitia shanga yake ya zamani kwanza. Ikaelea. Ferista akatia bonge la Damiano. Likazama. Akatia la pili. Likazama kama kokoto.

"Chumvi inaharibu kaharabu," Damiano alisema.

"Mbona ya Bi Mwasiti haijaharibika? Iko juu, inakutazama."

"Mwanamke gani huyu? Nimekula ugali wako, leo unanivunjia heshima mbele ya watu?"

"Ugali ulikula wewe, shemeji. Mabonge hayakula. Siyaonei haya."

Watu wakacheka. Damiano akamgeukia Yonathani. "Ndugu, mtulize mkeo."

 Yonathani akachutama kando ya beseni.

"Tia jingine, Mama Ruti," alisema. "Na mimi nione vizuri."

Likazama. Damiano akafunga mfuko wake kwa hasira.

"Hutapata kaharabu Tunduma hii. Nitawaambia wenzangu wote wasikuuzie."

"Waambie," Ferista alijibu. "Waambie na beseni liko hapa."

Kweli, wachuuzi kadhaa walipita mbali na mlango wake. Ferista hakuwafuata. Hakuomba radhi kwa mtu. Alichemsha maji, akarudisha chumvi kwenye chungu, akangoja.

Siku moja mchuuzi mwingine, Makame, alishuka kwenye treni na mfuko mdogo. Kabla hajakaa, alisema, "Dada, nasikia una maji yako. Yalete."

Mabonge yake yote yalielea. Ferista akadondoshea spiriti kila moja. Moja likanata kidoleni.

"Hili ni sandarusi, kaka."

Makame alilishika, likamnata na yeye. "Basi nilichanganyiwa na mimi. Litoe." Kama malipo alichukua gunia la maharage ya Ihanda, akaacha kaharabu ya kweli.

Mkufu wa kwanza ulipokamilika, mteja aitwaye Bi Mwanamvita alikuja kuutazama. Alikuwa akimtafutia mkufu binti yake, aliyekuwa karibu kuolewa. Aliugeuza mkononi mara nyingi.

"Mzuri," alisema. "Lakini wakwe wa mwanangu wana maneno. Wakisema ni plastiki, aibu itamkaa yeye, si wewe."

Ferista alisimama. Alisema kwa sauti, mpaka watu wa barabarani wakageuka.

"Waite hao wakwe, Bi Mwanamvita. Waje wenyewe. Nitakata uzi mbele yao, nizitie shanga zote kwenye maji ya chumvi, moja moja, kisha nizisuuze na kuzitunga upya. Ikizama hata moja, nakuahidi, nitasimama katikati ya soko la Tunduma mchana kweupe, niseme kwa mdomo wangu kwamba Ferista ni tapeli."