Chumba Kilichokubaliwa

Walimu walikuwa kumi na mmoja, lakini karatasi zilirudi kumi na mbili.

Mama Ramani, msanifu majengo, hakulitilia maanani. Kabla hajachora lolote humtaka kila atakayetumia jengo aandike anachohitaji, na wenzake humcheka kwa kuulizauliza huko. Safari hii ilikuwa shule mpya ya sanaa. Mwalimu wa uchoraji alitaka madirisha makubwa. Wa ngoma, mdogo wake wa tumbo moja, alitaka kuta nene majirani wasije wakamlaani. Karatasi ya kumi na mbili haikuwa na jina, na ilinuka udongo mbichi: "Chumba kimoja, kisiwe na mlango. Nitakaa humo na mtu mmoja."

Alicheka, akidhani ni utani wa mdogo wake. Akaandika chini yake kama kwenye zile nyingine, "Nimekubali," akatia sahihi.

Kesho yake chumba kilikuwa kwenye mchoro, kati ya studio ya rangi na ukumbi wa ngoma. Mistari ilikuwa ya mkono wake mwenyewe, ingawa hakukumbuka kuichora. Akakifuta, na adhuhuri kikawa kimerudi. Mdogo wake aliapa kwamba hajui lolote, na dada mtu akamwamini, maana yule akitania hucheka kabla hajamaliza kusema.

Akajifungia ofisini mchana kweupe, akachukua karatasi safi aanze upya, lakini kila mstari aliouvuta ulimpinda mkono ukarudi kuzunguka palepale, na harufu ya udongo ikazidi hadi akahisi mchanga kwenye meno, kisha akasikia, kutoka mahali peupe katikati ya mistari minne, kitu kikipapasa kuta polepole, huku na huku, kama mtu anayepima nafasi ya kitanda.

Yeye na mdogo wake waliita mganga. Alisoma ile karatasi, akaketi, hakufungua hata mkoba wake. Kwa sauti ya chini akawaambia kwamba jini huyu hakuvamia, aliomba, akakubaliwa.

"Basi tusijenge," mdogo mtu alinong'ona.

"Atakifuata chumba chake kwenye kila jengo atakalochora dada yako. Ameshapewa. Kilichobaki ni kuamua kiwe wapi."

Mama Ramani aliuliza huyo mtu mmoja atakuwa nani.

"Atakayekuwa karibu," mganga alijibu. "Na shuleni, mwanangu, walio karibu ni watoto."

Kisha Mama Ramani akamwomba mdogo wake amsindikize mganga hadi barabarani. Aliogopa, aliogopa mno, na akaona bora aogope peke yake.

Akachora ofisi yake. Akachora meza, kabati, kiti alichokalia, kisha ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kuacha nafasi ya mlango wala dirisha, na kadiri penseli ilivyokwenda mwanga nao ulikuwa ukipungua mgongoni pake, sauti za barabarani zikididimia, na alipounganisha kona ya mwisho hakuona tena mkono wake.

Ng'ambo ya ukuta mdogo wake alikuwa akipiga kwa viganja. "Dada, mlango uko wapi? Dada!"

Alitaka kumjibu. Mkono wa baridi ukamziba mdomo, taratibu, bila ubaya wowote.

"Tutazoeana," sauti ikamwambia sikioni.