Midomo ya Sanamu ya Baron

Soksi nyekundu za Sidsel zililala jikoni zikiwa nyekundu, zikaamka nyeupe pe.

"Umezifulia nini?" akauliza baba yake, Mogens Thrane.

"Sijazifua, Baba."

Mogens hakujali. Alikuwa na kazi ya Baron, mkabaila tajiri: kusafisha sanamu ya mungu wa kike, iliyofukuliwa Ugiriki. Enzi zile Kopenhagen nzima tulikuwa na kichaa cha weupe. Tuliapa kwamba watu wa kale walipenda marumaru tupu, na rangi tuliyoikuta tuliiita uchafu. Wajinga sisi! Mogens alishinda akiisugua midomo myekundu ya sanamu kwa tindikali, huku anapiga mluzi.

Jioni Sidsel alimletea uji. Midomo ya mtoto ilikuwa myeupe kama chokaa. Ya sanamu ilikuwa myekundu tena, na imelowa.

Mogens aliingiwa na hofu, akashika brashi, akasugua, na kila aliposugua ilitoka harufu ya ubani na damu, na nyuma yake Sidsel akazidi kupauka, mashavu, kucha, nywele, hata buluu ya macho, mpaka akanong'ona, "Baba, acha. Ananinyonya."

Mogens alimkimbilia jirani yake, Mama Birthe, fundi wa kupaka merikebu rangi. Mama huyo alichungulia, akagoma kuingia.

"Umemvua pepo nguo, halafu unashangaa anajifunika kwa mwanao?" alinong'ona. "Mrudishie rangi zake!"

"Baron hataniacha! Sitapata kazi tena mji huu!"

"Basi mzike Sidsel na weupe wake. Baron atapenda."

Mogens alipaka: nyekundu midomoni, buluu kwenye vazi, dhahabu kwenye nywele. Kulipokucha Sidsel aliomba mkate na siagi, mashavu yamemwiva. Mogens alilia kwa furaha.

Baron alipofika na watumishi na gari la farasi, alipiga kelele. "Umemgeuza malaya wa bandarini! Mpakieni, akasafishwe kwangu!"

Mogens alipiga magoti. "Bwana wangu, nakusihi, asisuguliwe. Mwanangu atakufa."

Baron alicheka. Gari likaondoka.

Alasiri Sidsel alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini, akajishika mdomo.

"Baba," alisema polepole, "kuna mtu ananisugua."