Mama Constance na Goti la Mkwewe

Kila asubuhi Hélène alijitwika beseni la ndakala, samaki wadogo wa ziwa, akaenda kuwauza sokoni Albertville, mji ambao leo ni Kalemie. Alikuwa hodari wa kazi, lakini goti lake la kulia lilikuwa kigeugeu. Akigeuka ghafla, pia ya goti ilihama upande. Hélène alianguka, samaki wakatapakaa, na watu wakamcheka. Kicheko hicho kilimuuma kuliko goti.

Mwaka 1963 daktari alimfanyia upasuaji. Aliirudisha pia ya goti mahali pake, akaufunga mguu kwa plasta. Plasta ilipotolewa, Hélène alirudi nyumbani. Paja lilikuwa limekonda, goti limekuwa gumu.

Hospitali walimwambia alikunje goti kidogo kidogo kila siku. Mama mkwe wake, Mama Constance, hakutaka kusikia. Alimpenda mkwewe, na upendo wake ulikuwa na amri. Alimlaza juu ya mito, akamlisha bugali kwa mkono wake.

"Mama, acha nisimame," Hélène aliomba.

"Usimame, majirani waseme namutumikisha mugonjwa? Lala, mwana wangu."

Hélène akalala. Aliogopa kwamba hatatembea tena vizuri maisha yake yote.

Siku moja muuguzi, Papa Germain, alikuja kumtazama. Alilishika paja, akatikisa kichwa.

"Mama Constance, mutoto umemupenda, lakini muguu umelala sana. Daktari amepanga pia ya goti mahali pake. Nyama ya paja ndiyo inaishika pale. Ikikosa kazi, inalegea, na goti linakauka."

"Na akisikia uchungu?"

"Uchungu kidogo ni kawaida. Goti likivimba sana, ao kidonda kikitoa usaha, mumulete hospitali siku ileile. Na asibebe muzigo mpaka nimuruhusu."

 Mama Constance akaiondoa mito yote.

"Majirani wakisema, nitawatuma kwako," alimwambia muuguzi.

Tangu hapo Hélène hakupata nafasi ya kupumua. Asubuhi kukaza paja, jioni kukunja goti. Akilia, Mama Constance alilia naye, kisha akasema, "Tena."

Miezi ikapita, Papa Germain akatoa ruhusa. Hélène akajitwika ndakala, akapanda mlima kutoka ufukweni bila kuyumba. Furaha ilimjaa, miguu ikaongeza mwendo. Nyuma yake mama mkwe alikuwa anahema.

"Hélène, ningoje. Magoti yangu mimi hawajayapasua."

Hélène alicheka, lakini hakusimama. Wanunuzi walikuwa wameshaanza kumwita.